Kanisa Mkononi mwa Pantelie

Mume wangu Pantelie nilimzika na kanisa mkononi. Msinicheke. Ni kanisa letu lile lile la mbao lililo juu ya kilima, ila dogo, limechorwa kwenye sarafu ya fedha. Kwetu maiti hazikwi mikono mitupu. Anashikishwa sarafu ya kulipia ushuru huko juu, maana roho ikipanda inapita vizuizi, na kila kizuizi kina wakorofi wake. Watu huweka sarafu yoyote iliyolala kwenye droo. Mimi, kwa hasira, niliweka ile. Siku ya tatu baada ya mazishi, nikiwa naosha sufuria, ndipo nikaona ujinga nilioufanya. Nikakaa pale pale sakafuni, mwanamke wa miaka sitini na sita, nikalia kwa sauti. Hakuna aliyesikia. Nyumba yetu wakati huo ilikuwa imeshabaki na mimi tu.

Nianze na paa, bila paa hamtanielewa.

Pantelie alikuwa fundi wa vigae vya mbao. Kuezeka kanisa ilikuwa kazi yake, na ya baba yake, na ya babu yake. Vigae vyake vilikuwa na ncha kali, vyote sawa, ungedhani vimetoka tumbo moja. Mwanetu wa pekee, Liviu, alipofika miaka ishirini na moja akaanza kuchonga vya kwake, na vya kwake ncha ilikuwa ya duara. Alisema vinamwaga maji vizuri zaidi. Baba yake akaviita ndimi za ng'ombe. Ikawa ndimi za ng'ombe mezani, ndimi za ng'ombe njiani, ndimi za ng'ombe mbele ya wasichana baada ya misa. Pantelie alikuwa mtu mwema, lakini mdomo wake haukuwa na breki.

Siku moja wote wawili wako juu ya paa la kanisa, mimi nimewapelekea chakula, nikamsikia anamwambia kijana, "Rundo lako lile usihangaike kulipandisha. Likija baridi nitawashia jiko."

Liviu akashuka ngazi. Chakula hakukigusa. Kesho yake akapanda basi la Uhispania. Pantelie alikuwa juu ya paa peke yake anagongomea, na kutoka kule juu barabara ya bondeni inaonekana yote, mpaka kwenye kinu cha kusagia nafaka. Kwa hiyo aliliona basi mpaka mwisho.

Jumapili ile natoka misani, nikainua macho. Upande wa mlango, mstari wa saba kutoka chini, ndimi za ng'ombe, mstari mzima kutoka pembe hadi pembe. Juu yake ncha, chini yake ncha.

"Pantelie, ile nini?" nikamwuliza.

"Vyangu vilipungua."

Vilipungua wapi! Bandani vilikuwa vimejaa mpaka kuku hawana pa kupita. Lakini nilimwangalia uso, nikanyamaza. Tukanyamaza hivyo miaka kumi na mitatu. Liviu nilijaribu kumwambia kwa simu, si mara moja. Nikianza tu, "Baba yako, unajua, lile paa..." mtandao unakatika. Ajabu ya mtandao wa Uhispania huo. Nikieleza habari za ng'ombe unasikika safi kabisa, nikimtaja Pantelie unakufa.

Paa nalo likachakaa. Wakaja mafundi kutoka mjini na mashine zao, wakalishusha lote, wakaweka jipya, ncha tupu. Pantelie siku hizo alikuwa amelazwa kwa ajili ya moyo. Aliporudi, vile vya zamani vilikuwa vimeshagawanywa kwa majirani, na ilikuwa mwezi wa kwanza. Ndimi za ng'ombe ziliishia jikoni kweli, tena kwenye majiko ya watu. Alizunguka nyumba hadi nyumba kuulizia kama kimebaki hata kimoja. Hakikubaki.

Mwaka uliofuata ndipo wakaja watu wa benki kuu. Magari matatu, hotuba, wakala kabichi zetu za nyama, wakasifu, wakaondoka. Walikuwa wametoa sarafu ya ukumbusho yenye kanisa letu. Moja wakampa padri tuliyekuwa naye, ambaye alihama nayo parokia nyingine, na moja wakampa Pantelie kwa heshima ya ukoo wake wa waezekaji. Akaja nayo nyumbani, akakaa karibu na dirisha, akavaa miwani yake na juu yake akabandika ya kwangu. Ukucha wa kidole gumba ukawa unatembea juu ya ile fedha.

"Wameuweka," akasema.

"Wameweka nini?"

"Mstari wa mtoto."

Nikachukua miwani. Mchoraji alikuwa amechora kwa kufuata picha ya zamani. Vigae vyote vilionekana, vidogo kama mapele ya joto, na katikati mstari mmoja wa duara. Pantelie akaniambia nisiguseguse kwa vidole vyenye mafuta. Tangu siku hiyo sarafu ililala kwenye mfuko wa shati lake. Nikifua, aliitoa, akaishika mkononi mpaka shati likauke.

Akafa mwezi wa pili, theluji imefika magotini. Nikampigia Liviu.

"Nitaangalia, mama," akasema.

Maneno hayo nayajua. Hakuja. Alisema barabara, alisema kazi, alisema sijui nini. Watu wanne walimbeba Pantelie, na mmoja wao alikuwa mwenye duka, alikuwa na haraka ya kurudi dukani. Nikamwangalia mume wangu amelala pale, mwanawe hayupo, nikapandwa na hasira. Nikasema moyoni, sawa, mtoto hakuja, basi chukua kanisa lako uende nalo. Nikaitoa mfukoni, nikaifungia kwenye kiganja chake. Ndiyo hasira yangu ilivyo. Inatenda kwanza, mimi nafuata nyuma na ndoo.

Kitu pekee duniani ambacho kingemwonyesha Liviu kwamba baba yake hakumtupa, nimekifukia mwenyewe kwa mikono yangu.

Miaka saba nilikuwa nahesabu. Kwetu mtu haachwi chini moja kwa moja. Ikitimia miaka saba, ardhi ikilegea baada ya baridi, unamfukua, unaosha mifupa kwa divai, unaifunga kwenye kitambaa kipya cheupe, padri anaimba, anarudishwa. Kwa hiyo nilijua kwamba sarafu itapanda tena. Nilichokuwa sikijui ni kama Liviu atakuwepo itakapopanda.

Na miaka saba ya upweke ni mirefu, asikudanganye mtu. Njia yetu ina nyumba kumi na moja, moshi unatoka kwenye tatu. Mimi ndiye mshika ufunguo wa kanisa. Wageni wakija nawafungulia, wanapiga picha, wanasema ni pazuri sana, wanakwenda zao kabla sijamaliza kuwauliza wametoka wapi. Nikisonga ugali bado nasonga wa watu wawili, kisha namalizia na kuku. Kuna siku nilimsemesha mfanyabiashara wa viazi mpaka akaliwasha gari huku bado naongea. Niliona haya, lakini kesho yake ningerudia.

Aliyebaki wa kuzungumza naye ni Veta, jirani wa ng'ambo ya kijito, na Veta ni mtihani.

"Zamfira, mwenzangu," alinianza mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe, "na usipomkuta mifupa?"

"Nimkute nini, viazi?"

"Umkute mzima, namaanisha. Hajaoza. Wanaokufa na kinyongo hawaozi, unajua. Na Pantelie na yule kijana wake..."

"Veta, kunywa kahawa yako uende."

"Nasema tu, shoga yangu. Watu ndivyo wanavyosema."

"Watu gani? Tumebaki wewe na mimi na mwenye duka!"

Lakini alinichoma. Maana Liviu naye alizaliwa hapa, anayajua hayo kama anavyojua jina lake. Nikampigia. Nikamwambia tarehe. Nikajikaza kisabuni nisimtaje baba yake zaidi ya mara moja.

Akasema, "Nitaangalia, mama."

Nikachemsha ngano ya kumbukumbu, nikatwanga njugu za jozi za kuichanganyia, nikaloweka majani ya kabichi, yote ya watu ishirini. Nikatandika kitanda chake. Nikatandua, nikaona najitia wazimu. Nikatandika tena.

Ijumaa alasiri gari la kukodi likasimama langoni. Akashuka mtu mwenye mvi kwenye masikio, tumbo limeanza kujitokeza, akashika lango bila kulifungua kana kwamba anangoja mbwa. Mbwa alikufa zamani.

"Umezeeka," nikamwambia. Miaka ishirini sijamwona mwanangu, na hilo ndilo lililonitoka.

"Na wewe, mama."

"Mimi nina haki ya kuzeeka. Ingia, vua viatu."

Alikula kama mtu wa njaa na hakuniangalia. Alipomaliza akasukuma sahani. "Njiani niligeuza gari mara mbili," akasema. "Mara ya pili nilikuwa nimeshaanza kurudi."

"Unaogopa nini?"

"Unajua ninachoogopa." Akawa anachora kwenye kitambaa cha meza kwa mpini wa kijiko. "Nikisimama pale, na wakifungua, na akawa hajaoza? Mbele ya watu wote. Itakuwa amenitukana tena, mama, na safari hii sina pa kujibia."

"Liviu, lile paa..."

"Mama. Tafadhali."

Mtandao umekatika na mtu amekaa mbele yangu. Nikaondoa sahani. Nikasema moyoni, haya, Pantelie, mimi nimeshindwa, kesho sema mwenyewe.

Asubuhi tulikuwa saba makaburini, pamoja na padri, kijana mwenye ndevu chache aliyekuja kwetu mwaka juzi. Wachimbaji wawili walianza mapema. Liviu alisimama mbali, karibu na ukuta wa kanisa, mikono mfukoni. Veta alikuwa ameshafika ukingoni, shingo nje, hana haya hata kidogo.

Mchimbaji aliweka sepetu kando, akainama, akaanza kutumia mikono. Nilikuwa naomba, na nilikuwa naomba vibaya, nilikuwa namkaripia Mungu.

"Mifupa," akasema yule mtu kutoka chini. "Mifupa mitupu. Misafi."

Akainua wa kwanza juani. Ulikuwa wa manjano kama nta. Kwetu hakuna rangi nzuri kuliko hiyo, maana yake mtu alikwenda zake kwa amani na hana neno na yeyote. Hata Veta alifanya ishara ya msalaba.

"Mungu amsamehe," akasema, na nadhani alikuwa na masikitiko kidogo.

Nikageuka. Liviu alikuwa amejishika ukuta.

"Njoo umwoshe baba yako," nikamwambia. "Hiyo si kazi ya kufanywa na jirani."

Akaja. Akapiga magoti mbele ya beseni la divai, akakunja mikono ya shati, akapokea kichwa cha baba yake kwa mikono miwili. Alikiosha polepole, hadi nyuma ya mashimo ya masikio. Mikono ile ni ya Pantelie mtupu, dole gumba nene lile lile. Mimi napangusa, naweka kwenye kitambaa. Ikaja miguu, zikaja mbavu, kisha mchimbaji akasema, "Hapa kuna kitu," akampa Liviu konzi ya vifupa vya mkono, na katikati yake kipande cheusi.

"Sarafu!" Veta akaruka. "Bado ipo! Sasa alipitaje huko juu kama hakulipa?"

"Alipita kwa jina lake zuri," nikasema. "Wewe ndiye utakayehitaji gunia, kwa huo mdomo."

Padri akakohoa ndani ya ndevu zake.

Nikaichukua. Ilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria. Nikachota majivu kwenye chetezo cha padri, nikayalowesha kwa divai, nikaanza kusugua kwa pindo la aproni. Sikujali nani anaona. Kwanza ukatoka msalaba wa juu. Ukafuata mnara, halafu paa. Nikasugua mpaka kidole kikaniwaka. Kisha nikavua miwani yangu, nikaweka vyote viwili kwenye mkono wa mwanangu.

"Tazama."

"Ni kanisa letu."

"Nimekwambia tazama, sijakuuliza ni nini."

Akasogeza karibu. Akainua macho akaangalia paa lenyewe, jipya, ncha tupu. Akairudia sarafu.

"Hili si paa lile."

"Ni la zamani. Lile uliloacha halijaisha. Hesabu kutoka chini, mstari wa saba."

Niliona midomo yake ikihesabu. Ilipofika saba ikabaki wazi.

"Hivi ni..."

"Vyako."

"Alisema atavichoma."

"Alisema mengi. Ulipokwenda alivipandisha vyote kwa mgongo wake, akavigongomea siku ile ile basi likiwa linapita. Bandani vyake vimejaa tele. Na sarafu hii ilipokuja alikaa nayo mfukoni mpaka kufa. Alikuwa anauita mstari wa mtoto."

Liviu akainama mpaka paji la uso likagusa beseni. Mabega yakaanza kumruka. Alipoinuka divai ilikuwa imemchirizika usoni pamoja na machozi, akawa mwekundu wote.

"Miaka yote hii," akasema, "kwa nini hukuniambia?"

Hapo nilitaka kumpiga. Haki ya Mungu, mbele ya padri. "Sikukwambia? Mimi? Hebu nihesabie mtandao wako ulikatika mara ngapi!"

Akaniangalia, na kicheko kikamtoka katikati ya kilio, kicheko kibaya, cha mtu aliyepaliwa. Akanishika miguu na ile mikono yake ya divai. Sketi yangu ya kanisani ina doa mpaka leo, sikulisugua.

Veta alitaka sarafu irudishwe kwa marehemu. Padri akasema roho ikishapita imepita, haina la kulipa tena. Kwa hiyo Pantelie alirudi chini bila kitu, kwenye kitambaa kipya, na mwanawe ndiye aliyemshusha.

Liviu alikaa siku mbili. Alitengeneza lango, akapasua kuni. Jioni ya mwisho, jua halijazama, tulikaa kwenye benchi nje, akanieleza habari za kazi yake. Anaezeka nyumba za watu, vigae vya udongo. Sikuwa najua. Miaka yote nilifikiri anaendesha lori.

Asubuhi yuko langoni, mfuko begani, nikamtilia sarafu mfukoni mwa shati.

"Hii si yako," nikamwambia. "Ni ya kwangu, unanishikia tu. Siku nikifa sina nyingine ya kulipia."

"Mama, sarafu yoyote inafaa."

"Kwangu haifai yoyote. Nimeshamwambia Veta, nimeshamwambia padri, wasinizike bila hii. Watanisubirisha."

"Watakusubirisha siku ngapi?"

"Mpaka ufike. Ukichelewa nitanuka, na aibu ni yako."

Akacheka, akanibusu kichwani, akafunga kitufe cha mfuko. Nikaona nimempata. Nilisimama pale najipongeza mpaka gari likakata kona ya kinu, mjanja mimi, nimemfunga mwanangu kamba, hatakosa mazishi yangu.

Nikaingia ndani, nikaanza kusonga ugali. Mwiko ukanifia mkononi.

Atakuja nikifa. Hilo ndilo nililomwomba. Nilikuwa naye langoni, macho yake kwenye macho yangu, ningeweza kuomba Pasaka, ningeweza kuomba mwezi mmoja wa kiangazi, nikamwomba mazishi. Sarafu ile ile imenifanya mjinga mara mbili.

Siku hizi ananipigia kila Jumapili, na mtandao haukatiki hata tukimzungumzia Pantelie nusu saa. Anauliza, "Mama, mzima?" Namwuliza, "Unayo?" Ananijibu, "Ninayo mfukoni." Basi, tumekaa hivyo majira yote ya baridi, mimi mzima, yeye anayo, na theluji imenifungia mlango.

Jumapili iliyopita sikumwuliza hivyo.

"Liviu," nikasema, "ilete ningali naona. Nataka kuutazama ule mstari na wewe umekaa hapa. Ukishanizika utanionyesha nini?"

Nikamsikia anapumua.

"Nitaangalia, mama," akasema.

Nimeshatandika kitanda.